Pyramidion, Goldfish au Junker: Meli Ipi Ikufundishe Urubani wa Guns of Icarus Online

Rubani mgeni akipoteza mechi tatu mfululizo hubadilisha mizinga. Akipoteza nyingine tatu hubadilisha meli, na wiki ikiisha ameshazijaribu zote bila kujua hata moja inahitaji nafasi kiasi gani ili isimame. Meli za Guns of Icarus Online, gemu ya vita vya meli za angani zinazobebwa na puto, ni nzito na huteleza hewani kama mtumbwi uliosukumwa: ukiachia mwendo inaendelea kwenda, ukinyoosha usukani inaendelea kuzunguka. Ndani yake mna watu 4, rubani mmoja na wengine 3, na hao watatu hawawezi kupiga chochote ambacho rubani hakuwaletea mbele ya mizinga yao. Kazi yako ni kumweka adui ndani ya pembe ya mizinga yako, kwenye umbali inapofika, huku wewe ukikaa nje ya pembe ya mizinga yake. Anayelenga vizuri ni mpiga mzinga. Anayempa kitu cha kulenga ni wewe.

Muse Games waliitoa gemu hii Oktoba 2012, na meli nyingine zikaongezwa baadaye. Kwa mtu anayetaka kuinua urubani wake, tatu kati ya zile za mwanzo zinatosha, kwa sababu kila moja inakubana mahali tofauti.

| | Pyramidion | Goldfish | Junker |
|---|---|---|---|
| Mizinga | 4 myepesi | 1 mzito, 2 myepesi | 5 myepesi |
| Inakotazama | 2 mbele, 2 pembeni | mzito mbele, mwepesi mmoja kila ubavu | 1 mbele, 2 kila ubavu |
| Adui awe wapi | mbele ya omo | mbele, au mshazari kidogo | ubavuni |
| Mwendo na kona | mwendo mzuri, kona nzito | mwendo mzuri, kona ya wastani | mwendo mdogo, kona nyepesi |
| Deraya na bodi | deraya nene, bodi ya wastani | deraya nyembamba, bodi nene | deraya nene, bodi dhaifu |
| Inachokufunza | breki na umbali | kuingia na kutoka | kugeuza ubavu |

Kabla ya kusoma jedwali hilo, shika tofauti ya deraya na bodi. Deraya ikivunjika fundi anaijenga upya. Bodi ikipungua haitengenezeki, na ikifika sifuri meli imekufa. Kwa hiyo Goldfish inavuliwa deraya haraka lakini inavumilia kipigo baada ya hapo. Junker ni kinyume chake: inakaa muda mrefu ikiwa nzima, kisha inaondoka ghafla.

Pyramidion

Hii ndiyo meli ambayo wengi hupewa kwanza, na kwa haki. Mizinga miwili inatazama mbele, kwa hiyo pale unapoangalia ndipo risasi zinapokwenda. Mpango wake wa kawaida ni Gatling upande mmoja wa mbele na mota ya Scylla upande wa pili. Gatling hula deraya, Scylla huvunja bodi. Mpiga Gatling anapotangaza kwamba deraya imeanguka, wa Scylla anaanza kupiga, na adui ana sekunde chache tu kabla fundi wake hajaijenga tena.

Sekunde hizo ndizo zinazoharibiwa na marubani. Fuatilia shambulio moja kwa karibu. Umeona Galleon, meli nyingine ya gemu hii, ikiwa ubavu kwako, nawe unaenda mwendo kamili. Gatling inaanza kufika, mpigaji anaanza kuvua deraya. Wewe bado uko mwendo kamili. Deraya inaanguka na Scylla inapiga mara mbili, lakini sasa omo yako iko karibu kugusa bodi ya adui. Unakata kona ili usigonge, na kwa kukata kona umeiondoa mizinga yote miwili kwenye shabaha. Unapita mbele ya ubavu wake wenye mizinga mizito. Fundi wa adui anamaliza deraya. Hesabu iliyobaki inafanywa na adui.

Kosa lilitokea kabla Gatling haijaanza kupiga. Pyramidion inabidi ianze kufunga breki mapema, kwa kurudisha mkono wa mwendo hadi sifuri na kisha rivasi fupi, ili wakati deraya inaanguka meli iwe imetulia kwenye umbali ambao mizinga yote miwili inafika. Huhitaji kukumbuka namba za watu wengine. Fungua ukurasa wa kupanga meli, angalia pembe na masafa ya kila mzinga uliouweka, chukua ule wenye masafa mafupi zaidi, na huo ndio umbali wako wa kupigania. Muulize pia mpigaji ana risasi za aina gani: Greased hupunguza masafa, Lesmok huyaongeza. Rubani asiyeuliza hili husimama mahali ambapo nusu ya risasi haifiki, kisha analalamika kwamba wapigaji ni wabovu.

Zoezi lake ni rahisi, na halihitaji adui. Chagua mnara au mwamba, uendee kwa mwendo kamili, ujaribu kusimama ukiwa umeutazama. Rudia ukianza breki mapema kidogo kila mara mpaka ujue meli inateleza urefu wa meli ngapi kabla ya kusimama. Kisha fanya hivyo kwa rivasi, ukirudi nyuma huku omo imebaki kwenye mnara. Kurudi kwa rivasi ni nusu ya ujuzi wote wa meli hii, kwa sababu Pyramidion inayokimbia kwa kugeuka inamwonyesha adui mgongo usiompiga, lakini inayokimbia kwa rivasi inaendelea kupiga.

Udhaifu wake ni kona. Squid, meli ya haraka na nyepesi, akiingia nyuma yako, kuzunguka naye ni kupoteza muda. Atakuwa mbele yako kwa kila digrii. Badala ya kuzunguka, panda au shuka, nenda mbele kwa nguvu, pata nafasi, kisha ndipo ugeuke. Au mwite mwenzako wa timu ampige; hii ni gemu ya timu, na marubani wengi hulikumbuka hilo wakishakufa.

Goldfish

Mzinga mmoja mzito mbele hubadilisha kila kitu. Wewe si wa kutulia mbele ya adui kama Pyramidion. Mizinga mizito hupakia polepole, na mfano ulio wazi zaidi ni Manticore, yule anayefyatua roketi kwa kundi moja kisha anakaa kimya muda mrefu. Kwa hiyo mdundo wa rubani unafuata mdundo wa mzinga: ingia, mpe mpigaji sekunde za kumwaga kundi lote, toka au jifiche nyuma ya mwamba wakati wa kupakia, rudi. Rubani anayebaki amesimama mbele ya adui wakati mzinga unapakia anampa adui mazoezi ya bure, na deraya nyembamba ya Goldfish haitamsamehe.

Ukiweka Hellhound, mzinga wa karibu unaopasua puto, somo linahamia kwenye urefu. Puto la adui likipasuka, meli yake inaanza kuporomoka, na ukibaki ulipo mzinga wako utakuwa unapiga hewa mahali alipokuwa. Lazima ushuke naye. Hapo ndipo Chute Vent, kifaa cha rubani cha kushusha meli haraka, inapokuwa na thamani. Anza ukiwa sawa naye au juu yake kidogo ili puto liwe mbele ya mzinga, na mara tu unapoona ameanza kuzama, shuka kabla hajatoka kwenye pembe. Ukisubiri mpigaji apige kelele, umechelewa.

Mizinga ya ubavuni haipaswi kuachwa kama mapambo. Ukiweka mzinga wenye pembe pana ubavuni, kama Artemis, kuna mahali fulani mshazari ambapo mzinga wa mbele na wa ubavuni vyote vinamwona adui. Mahali hapo ni pembamba. Kwenye uwanja wa mazoezi, zungusha meli pole pole huku watu wawili wameshika mizinga. Kila mmoja aseme "naona" na "sioni". Utaigundua pembe hiyo kwa dakika mbili, na baadaye mkono utaikumbuka wenyewe. Ukiwa na wapigaji wa kompyuta peke yao zoezi hili halifanyiki vizuri, kwa sababu hakuna wa kukujibu.

Junker

Junker ni mwalimu mkali. Kwa wale waliozoea kutazama wanakopiga, siku ya kwanza kwenye Junker ni mateso: unatazama mbele, adui yuko ubavuni, na kila unachofanya kinaonekana kimekaa upande. Lakini rubani aliyejua Junker haibiwi pembe na mtu tena, akirudi kwenye meli yoyote.

Mwendo wake ni mdogo, kwa hiyo huwezi kumfukuza mtu. Unachoweza ni kuzunguka mahali pamoja haraka kuliko adui anavyozunguka kukutafuta. Mpango wa kawaida ni kufanya ubavu mmoja kuwa wa kuua, Gatling na Scylla, na mwingine wa mbali au wa kulemaza, kwa mfano Artemis. Unafika ukionyesha ubavu wa mbali, adui anasogea, na akishaingia umbali wa karibu unageuza ubavu wa kuua. Swali la rubani wa Junker ni lini kugeuza. Ukigeuza mapema, Gatling haifiki. Ukichelewa, wapigaji wamesimama upande usio na kazi, na kumbuka wao wanakimbia kwa miguu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Watangazie kabla ya kugeuka: "kushoto, sekunde tatu". Meli inageuka, watu tayari wameshika mizinga. Rubani anayegeuza kimya hupoteza muda mwingi kuliko anayegeuza vibaya.

Ubavu wenye mizinga miwili unaweza pia kusaidiwa na ule wa mbele ukielekeza omo mshazari kidogo kwa adui, kulingana na upana wa pembe za mizinga uliyochagua. Hapa tena ukurasa wa kupanga meli utakuambia kabla ya mechi kuanza.

Ubaya wa Junker ni bodi. Deraya ikivunjika, usiendelee kubadilishana risasi kwa matumaini. Geuka, shuka, ingia nyuma ya kitu, chochote kile kitakachomzuia adui kwa sekunde chache. Hii inahusiana na vifaa vya fundi: nyundo kubwa hutengeneza sana lakini huzuia ukarabati mwingine wa sehemu hiyo kwa sekunde 9, spana ya bomba hutengeneza chini kidogo ya nusu ya hapo na hufunga kwa sekunde 5. Fundi akishagonga nyundo, deraya hiyo haitaguswa tena mpaka muda uishe. Rubani anayelijua hilo hamuulizi fundi "mbona hutengenezi". Anamuuliza "sekunde ngapi", na anaificha meli kwa muda huohuo.

Zile tulizoziacha

Squid ni ya haraka na ya kupendeza, na ndiyo maana haifai kujifunzia. Wepesi wake unafuta makosa yako kabla hujayaona. Ukihamia meli nyingine utagundua hukujifunza breki. Spire imesimama wima kama mnara, mizinga yake inatazama mbele, na inakufa upesi mtu akiikaribia. Mobula ina mizinga 5 myepesi inayotazama mbele na inapanda na kushuka vizuri sana. Ni nzuri kwa aliyeshajua umbali, mbaya kwa anayeutafuta. Galleon nguvu zake ziko ubavuni kama Junker, ila kwa mizinga mizito na kona ya kuchosha. Ukikutana nayo, usikae ubavuni mwake, njoo kutoka mbele ya omo.

Vifaa vya rubani: chagua vitatu

Rubani anabeba vifaa 3 vya urubani. Wengine wanabeba kimoja kila mmoja, na hiki husahaulika: Spyglass ya kuweka alama kwa adui na Rangefinder ya kupima umbali zibebwe na fundi na wapigaji. Nafasi zako tatu ni za kusogeza meli.

Kerosene au Moonshine? Zote mbili zinaongeza nguvu ya injini na zote zinaila injini. Kerosene, yaani mafuta ya taa, hula pole pole kiasi kwamba fundi anaweza kufuatana nayo. Moonshine, yaani gongo, husukuma zaidi na huimaliza injini upesi. Anayejifunza achukue Kerosene. Moonshine inafaa unapotaka kugonga kwa makusudi au kutoka kwenye mtego mara moja tu, ukijua kwamba utafika bila injini nzima. Kwa Goldfish ya kuingia na kutoka, Kerosene ni karibu lazima. Na ukumbuke inafanya kazi hata ukiwa kwenye rivasi, jambo linaloifanya Pyramidion kuwa na breki ya pili.

Phoenix Claw huongeza kasi ya kugeuka. Pyramidion inaihitaji kuliko zote kwa sababu ya kona yake nzito. Junker inageuka vizuri bila kucha hiyo, lakini ikiwa nayo kugeuza ubavu kunakuwa kitu cha kufumba na kufumbua. Tatizo lake ni mazoea. Rubani anaishika muda wote, injini zinachakaa, zinakufa, na sasa meli haigeuki kabisa. Itumie kwa mikupuo mifupi: anza kuzunguka nayo, iachie meli ikiwa bado inazunguka, umalizie kwa usukani wa kinyume ili isipitilize.

Hydrogen au Chute Vent? Moja hupandisha, nyingine hushusha, na zote huliumiza puto lako. Tazama mizinga yako. Hellhound inayopasua maputo inahitaji kushuka, chukua Chute Vent. Ramani yenye majengo marefu kama Paritan, ambako unapanda kutoka nyuma ya ukuta ili upige kisha ujifiche, inahitaji Hydrogen zaidi. Kosa linaloua ni kutumia chochote kati ya hivyo wakati puto tayari linapigwa; unamsaidia adui kulipasua. Ukijua kwamba wapinzani wamebeba mizinga ya kupasua puto, Drogue Chute, inayopunguza kasi ya kuanguka, inakuwa chaguo lenye akili, ingawa siku nyingine zote inakaa bila kazi.

Tar Barrel huacha wingu jeusi nyuma yako linalowaumiza wanaopita ndani yake. Ni la mtu anayekimbizwa sana, na anayejifunza hakika anakimbizwa sana, lakini bora ajifunze kutokimbizwa. Impact Bumpers hupunguza madhara ya kugonga. Achia wanaogonga kwa makusudi.

Kwa hiyo mpango wa kuanzia kwa meli zote tatu ni Kerosene, Phoenix Claw, na cha tatu kinachofuata mizinga: Chute Vent au Hydrogen.

Nani achukue ipi

Ukiwa na wapigaji wageni, au viti vimejazwa na kompyuta, chukua Pyramidion. Mizinga miwili ya mbele haihitaji maelezo mengi, na makosa yako yataonekana waziwazi kuwa yako. Ukiwa na mpigaji mmoja mzuri sana na fundi mmoja mzuri, Goldfish itawapa wote wawili kazi na wewe utajifunza subira. Ukiwa na watu watatu wanaozungumza kwenye maikrofoni, Junker, hata kama mtapoteza mechi kadhaa za mwanzo. Bila sauti Junker ni meli ya kuonea huruma.

Usibadilishe meli katikati ya wiki. Kaa na moja mpaka uweze kufanya mambo matatu bila kufikiri: kusimama kwenye umbali wa mzinga wako mfupi zaidi, kurudi nyuma ukiwa bado unapiga, na kuificha meli kwa sekunde 9 za nyundo ya fundi. Baada ya kila kifo jiulize adui alikuwa kwenye mzinga upi wa kwako dakika ileile. Jibu likiwa "hakuna", kabla ya mechi inayofuata rudi kwenye ule mnara na zoezi la breki.